Ami na chombo cha Enterprise: tumefika sehemu ya 14

Mradi wenyewe ulianza bila ya kukusudia. Nilikuwa barazani kwetu Wete, Pemba, naangalia Star Trek ya mwanzo kabisa, ile tamthilia ya Marekani ya 1966 ya chombo cha angani kiitwacho Enterprise, na Ami kila dakika ananiuliza, "Kasema nini huyo?" Nikaona bora nimfasirie zote, tangu ya kwanza hadi ya 79. Tunaangalia baada ya Isha, usiku ambao umeme upo na laptopu haijachemka. Maneno ninayoyapata nayatia kwenye daftari.

Hayo maneno ndiyo yaliyonichelewesha. Mwanzo nilikuwa nasema "kapteni", "ofisa wa kwanza", "chumba cha kuongozea". Ami, mtu aliyekula chumvi ya bahari miaka na miaka kwenye majahazi ya Tanga, akawa anasinzia kanzu imemfunika uso. Sehemu ya tatu nikabadilisha. Kirk akawa nahodha, Spock serahangi, Sulu mshika usukani, na pale wanapokaa wote nikapaita shetri. Usingizi ukamruka! Ila sasa nimejitia mashakani, kwa sababu ukishamwita mtu nahodha mbele ya Ami, atamhukumu kama nahodha.

"Nahodha gani anashuka pwani asiyoijua, na serahangi kamchukua, na tabibu kamchukua? Chombo kamwachia nani?"

"Fundi wa mitambo, Ami."

Akaguna. Nikajitia kutafuta chaja.

Sehemu ya kwanza, ile ya kiumbe kinachowafyonza watu chumvi mwilini, hakuipenda. Watu wanakufa mmoja mmoja, na yeye shauri lake ni moja tu: si wampe chumvi? Nami naona ana haki. Watengenezaji walitaka dubwana la kutisha, wakapata kiumbe mwenye njaa, na mwisho wakampiga risasi ya mwanga.

Ndani ya sehemu hiyo hiyo kiumbe hicho kinajigeuza mwanamme mweusi na kumsemesha Uhura, yule mwanamke wa mawasiliano chomboni, kwa Kiswahili. Nilirudisha mara tatu. Matamshi ya kigeni, lakini ni Kiswahili, kwenye televisheni ya Marekani, Septemba 1966. Ami hakushangaa. Lililomkera ni jina: "Uhura ndiyo nini? Uhuru, bwana." Nikamwambia kwamba Nichelle Nichols, aliyecheza nafasi ile, alisimulia kuwa siku ya kujaribiwa alikuwa na kitabu mkononi kiitwacho Uhuru, na Gene Roddenberry, mbunifu wa Star Trek, akalipenda neno, kisha wakalilainisha mwisho wake. Ami alikuwa mtoto bendera ya uhuru wa Zanzibar ilipopandishwa tarehe 10 Disemba 1963, na mwezi uliofuata yakaja Mapinduzi. Kwake neno hilo halilainishwi.

Maoni yangu: walimpa jina zito kuliko wote, kazi wakampa nyepesi. Fungua masafa, funga masafa. Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza, na Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Ami hapa tumekhitalifiana. Anasema usiku wa kusi, katikati ya mkondo wa Pemba, angetoa nauli yote ya safari kumpata mtu mmoja wa kusikia mbali kama yule.

Sehemu ya tano ndiyo iliyompa ushindi. Tangu mwanzo haamini ule mtambo wa kuwayeyusha watu na kuwashusha kwa mwanga. Nilishamweleza kuwa ulibuniwa kwa ajili ya fedha, maana kuonyesha chombo kikitua kila wiki kungewafilisi. Basi mtambo ukaharibika, ukamtoa Kirk wawili, mmoja mpole na mmoja shetani. "Nilikwambia!" Sulu na wenzake wamekwama chini, sayari inaganda kwa baridi, mtambo hauaminiki, na juu watu wanakuna vichwa.

"Mashua hawana?"

Nikanyamaza.

"Chombo chote kile, mashua ya kushushia watu hakuna? Hata hori?"

Swali hilo mashabiki wanaulizana mpaka leo, na yeye kaliuliza papo hapo, tasbihi mkononi.

Za katikati zimepita haraka, mbili kati yake alilala. Juzi tumeangalia ya 14, ya chombo cha adui kisichoonekana, manahodha wawili wanaviziana gizani kama watu wa nyambizi. Hakuuliza swali hata moja. Alipokufa nahodha wa upande wa pili alisema tu, "Yule alikuwa nahodha," akaenda kulala.

Daftari lina maneno 61. Sina bado neno zuri la ile ngao ya chombo. Mashua yao inatokea sehemu ya 16, na sijamwambia.