Waliokuja na unabii niliwapa kazi

Mwanangu ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Naanza na hilo ili usinishauri kuhusu bitiruti, majani ya mlonge wala juisi ya rozela. Vyote nimeambiwa, na vingi nimevinunua.

Aligundulika kabla hajatimiza mwaka, vidole vya mikono yote miwili vilipovimba kama ndizi sukari na jirani akaapa kwamba ni kijicho. Tuko Mwanza. Huku Kanda ya Ziwa ugonjwa huu una wagonjwa kila mtaa, ila ukiingia nyumbani kwako watu watakuangalia kana kwamba umeshushwa kwenu peke yenu.

Wageni wa kanisani hawakuchelewa. Mmoja, mama ninayemheshimu mpaka leo, alifumba macho akasema anaona mzizi, na mzizi uko ukweni kwangu. Mume wangu yuko mlangoni anasikia! Baada ya siku chache akaja mwingine, yeye akauona mzizi upande wa kwetu. Ukiwajumlisha walipatia: mimi mbebaji, yaani nimeurithi kwa mzazi mmoja tu na siumwi, mume wangu mbebaji, na wazazi wakiwa hivyo kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Tena aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jambo hili limeota mizizi kwenye nchi za mbu. Hiyo laana ya ukoo huenda ndiyo iliyomvusha bibi yangu utotoni nami nikazaliwa. Wanafunzi walimuuliza Yesu swali lilelile, nani aliyetenda dhambi, naye akawajibu, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Yohana sura ya 9. Biblia yangu siku hizi inafunguka yenyewe hapo.

Ila ushauri ulionitoa jasho ni ule wa kukiri. Niliambiwa nisitamke kamwe kwamba mtoto anaumwa. Niseme ni mzima, kwa sauti, tena hasa usiku wa maumivu. Nikasema sawa. Ikaja baridi ya mwezi wa saba, mtoto ana miaka minne, miguu imemkamata, nami nimesimama katikati ya chumba nakiri uzima. Mume wangu anamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto, hasemi kitu. Kufika saa nane za usiku sauti imenikauka, nimebaki kunong'ona, bado nakiri. Mtoto akafumbua macho akaniuliza, "Mama, unagombana na nani?"

Mume wangu alianza kucheka, nikafuata mimi. Mtoto analia, wazazi wake tunacheka na machozi yanatutoka. Kisha tukamfunga kwenye blanketi tukaita bajaji, na dereva akatutajia bei ya usiku, elfu kumi na ushei, tukalipa bila kubisha.

Bado nilikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyeijua. Nilikuwa napima upendo wa Mungu kwa karatasi ya maabara. Wingi wa damu ukija 8, Mungu ananipenda. Ukishuka 5, amenigeuzia kisogo. Nesi mmoja alinikuta nalia na karatasi mkononi, akadhani sijaelewa majibu, maskini, akaanza kunifafanulia upya. Niliyaelewa vizuri mno.

Kilichonitoa huko ni kusoma injili ya Mathayo polepole wodini, kwa kuwa hakukuwa na la kufanya wakati dripu inashuka. Mtoni sauti inasema, "Huyu ni Mwanangu, mpendwa wangu." Sura kadhaa mbele, huyo huyo mpendwa yuko msalabani analia, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Nikarudia mara kadhaa. Hakuna mahali katikati Baba alipoacha kumpenda. Basi maumivu si cheti cha kuchukiwa, na karatasi ya maabara nikaanza kumwachia daktari, ndiyo kazi yake.

Nikaacha kukiri nikaanza kulalamika, tena kwa maneno ya Mungu mwenyewe. Zaburi ya 13 ina "hata lini" za kutosha usiku mmoja. Zile mbaya zaidi nilizipeleka kwa ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata ule mstari wa mwisho wa "walakini nitakusifu". Mungu aliiacha humo ndani ya Biblia. Mtu asiyekupenda hakuruhusu umsemee hivyo usoni.

Wageni nao niliwapatia dawa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, kimya, na hapo walikuwa wema sana. Waliharibu walipofungua mdomo. Kwa hiyo mgeni akianza "mama, Bwana amenionyesha...", namwambia asante, hebu kwanza mshike mguu huu wa kushoto umkande, mimi nachemsha uji. Hakuna unabii unaodumu zaidi ya dakika tano mbele ya mguu wa mtoto anayelia.

Aliyenogesha ni mzee wetu wa kanisa. Alikuja hospitali siku mtoto anahitaji kuongezewa damu, akanishika mkono: "Mama, anafunikwa na damu ya Yesu." Nikamwambia, "Amina, mzee. Na ya kwako inahitajika, maabara ni mlango ule." Uso ulimbadilika! Kumbe anaogopa sindano kuliko shetani. Alikwenda, sitamnyima sifa hiyo. Akaomba nimsomee Zaburi ya 23, na tulipokaribia bonde la uvuli wa mauti akafumba macho akapiga yowe. Nesi akamwambia, "Mzee, bado. Hiyo ni pamba ya spiriti."

Akapewa soda na biskuti, akaja kukaa kitandani kwa mtoto. Mtoto akatazama chupa ya damu akamuuliza kama ni ya kwake. Akasema hapana, yake inapimwa kwanza, hii ni ya mtu mwingine wala hamjui. Tangu siku hiyo sijamsikia akimwambia mgonjwa yeyote aongeze imani.

Kijana wangu sasa yuko darasa la tano. Maji anakunywa siku nzima, sweta halimtoki mwezi wa sita na wa saba, na dawa zake, haidroksiurea na foliki, anameza, hata baada ya semina ambayo mhubiri alitaka tuziache madhabahuni. Mwezi uliopita amelazwa tena. Ya 88 ilisomwa.

Mwanaume anaruhusiwa kuchangia damu kila baada ya miezi 3, na mzee wa kanisa anaihesabu kuliko mimi. Juzi baada ya ibada amenivuta pembeni kuniuliza kama zamu yake imefika, na kama safari hii nesi anaweza kuwa yule mwingine.