Desemba 23, keki mbili jikoni mwangu

Saa kumi na moja alfajiri. Mtaa wangu wa Umoja, hapa Nairobi, bado umelala, ila matatu ya kwanza imeshaanza kupiga honi. Nafunua ndoo ya matunda niliyoyaloweka kwenye juisi ya machungwa: zabibu, cheri, maganda ya chungwa. Kila Desemba naiandaa ndoo hii mapema, maana hakosi mteja wa kunijia akiwa amechelewa.

Nasaga kungumanga, natia mdalasini na karafuu. Poda ya kuokea naipunguza kidogo kuliko kitabu kinavyosema. Nairobi iko juu sana, kama mita 1,700 hivi, na hewa ni nyepesi. Keki huumuka upesi kisha hudidimia katikati. Nilipoteza keki nyingi kabla ya kulijua hilo.

Sufuria ya keki niliinunua kwa mafundi wa Kamukunji. Ndani naiwekea karatasi mbili, nje naizungushia karatasi ya kaki na kuifunga kwa uzi, ili kingo zisiungue kabla katikati haijaiva. Saa kumi na mbili inaingia kwenye oveni ya gesi, digrii 150, na itakaa humo saa tatu. Hapo hapana haraka.

Saa tatu naichoma kwa kijiti cha mshikaki. Kinatoka kikavu. Alhamdulillahi, hata kama mimi ni Mkristo, jirani yangu kanizoeza neno hilo.

Saa nne naigeukia keki ya pili, ya Shosho, bibi mzee wa mtaa wa Buruburu, niliyoioka Novemba. Juzi niliipaka jamu ya aprikoti na kuifunika kwa lozi zilizosagwa na sukari, ukuta wa kuzuia rangi ya keki isipenye. Sasa napiga ute wa mayai mawili na sukari laini ya unga, tone la ndimu, mpaka nikiinua mwiko unasimama kama ncha ya mlima. Hiyo ndiyo aisingi. Napaka. Kisha nainua uso wa aisingi kwa mgongo wa kijiko, kidogo kidogo, mpaka inakuwa na vilima vidogo. Mkono unauma, lakini hiki ndicho kipande cha kazi ninachokipenda kuliko vyote.

Saa saba mteja wa keki ya asubuhi anapiga simu. Anataka aisingi nyeupe leo leo.

"Dada, bado ina moto. Nikiipaka sasa itayeyuka yote."

Ananyamaza. Nampa shauri: niipake jamu ya moto juu, nipange lozi nzima na cheri kwa mviringo. Anakubali, na nikimaliza naona kwamba ni nzuri kuliko ile nyeupe.

Saa kumi na moja jioni napanda matatu na boksi magotini.

"Mama, hiyo ni keki?" kondakta ananiuliza.

"Ya Krismasi."

Anamgeukia dereva: "Polepole kwa matuta, mzee!"

Shosho anafungua boksi mezani, anatazama kimya, kisha anaita mjukuu amsaidie kuipandisha juu kabisa ya kabati. Wajukuu wengine wanafika kesho kutoka Nakuru, na anajua vidole vyao.