Siku moja maishani mwangu: kupanga ruti za magari ya mizigo

Saa 10 alfajiri. Oda zimeshafungwa, faili linanisubiri: wateja, uzito wa mizigo yao na saa wanazopokea. Naanza na usafi. Kuna anwani iliyoangukia katikati ya ziwa, mteja aliyeandikwa mara mbili, na mtu aliyeagiza tani 20 ambazo bila shaka ni kilo 20. Uchafu huu ukipita, hakuna hesabu itakayokuokoa huko mbele.

Saa 11. Programu inaanza kazi. Watu hupenda kuuliza: kwa nini kompyuta isijaribu njia zote ichague iliyo fupi? Gari moja lenye vituo 15 tu lina mipangilio zaidi ya trilioni 1.3 ya kuvipitia. Kwa hiyo tunatumia makisio, yaani mbinu za haraka zinazotoa jibu zuri hata kama si bora kabisa, tukianza na mbinu ya akiba waliyoitoa watafiti Clarke na Wright mwaka 1964, ambayo bado naipenda kuliko nyingi za kisasa.

Inafanya hivi. Mwanzoni kila mteja ana gari lake, liende lirudi. Tuseme mmoja yuko kilomita 10 kutoka ghalani, mwingine 12, na kati yao kuna kilomita 5. Safari mbili ni kilomita 44. Ukiwaunganisha ni 27. Umeokoa 17. Panga akiba zote kuanzia kubwa, shuka nazo ukiunganisha, mradi gari halizidiwi na saa za mteja haziguswi. Tatizo ni wingi: wateja 5,000 wana jozi karibu milioni 12.5, hivyo kila mmoja tunampima na majirani zake wa karibu tu.

Saa 11 na nusu. Hapa ndipo penye utamu. Ruti zipo, lakini kwenye ramani nyekundu na buluu zimesokotana kama nywele zisizochanwa. Kwanza programu inanyoosha pale ambapo ruti inajikata yenyewe: inaikata mahali pawili na kugeuza kipande kilicho katikati. Ikikwama, inabomoa. Inang'oa kundi la wateja walio karibu, hata kama wako kwenye magari tofauti, kisha inawarudisha mmoja mmoja pale wanapoongeza gharama kidogo. Njia hii ya kubomoa na kujenga ilielezwa na mtafiti Paul Shaw mwaka 1998. Wakati mwingine tunaikubali hata ruti mbaya kidogo, maana anayekataa kila hasara hubaki palepale.

Saa 12 asubuhi. Naisimamisha. Pengine ingepata ruti bora zaidi, lakini wapakiaji wameshafika, na wao hupakia kinyumenyume: kituo cha mwisho kinaingia kwanza. Ukibadilisha mpangilio baada ya hapo, jiandae kusikia maneno.

Saa 3. Simu ya dereva.

"Dada, umenipitisha getini kwa shule saa hizi? Sitoki hapa."

Ana haki. Barabara ileile ina mwendo tofauti kila saa, na ramani yetu inaijua kwa wastani tu. Namruhusu aanze na kituo kinachofuata.

Saa 5. Gari limeharibika njiani. Kwenye karatasi ungewagawa wateja wake kwa magari jirani, kazi imekwisha. Lakini mizigo yao imo ndani ya gari lililokwama! Kila gari la msaada lazima lipitie pale kwanza, liwe na nafasi, tena lisiwacheleweshe wateja wake. Mara nyingi kutuma gari tupu kutoka ghalani ni nafuu.

Saa 6. Chakula.

Saa 7 mchana. Nalinganisha mpango na kumbukumbu za GPS. Wengi hubishana mbinu ipi inapunguza asilimia moja ya kilomita. Mimi nahangaika zaidi na dakika za kushusha mzigo. Tumeandika dakika 5 kwa kila mteja, lakini wa ghorofani wanachukua 12, na vituo 20 vya namna hiyo vinakula saa mbili na zaidi ambazo hatukuzipanga. Nabadilisha. Kesho magari yataonekana yamepangiwa vituo vichache, na wakubwa watataka maelezo.