Mchongoko wa Maboksi: Besdei ya Miaka Sita Uani Kwetu

Nianze na lililoniudhi. Kila niliyemwambia nataka kumfanyia mwanangu sherehe ya treni nyumbani alinijibu neno moja: tafuta mpambaji. Mpambaji akaja, akautazama ua wetu wa hatua kumi na mbili kwa nane, akataja laki tatu na nusu kwa pazia la nyuma, tao la maputo na meza ya keki. Nikamuuliza watoto watacheza nini. Akasema watapiga picha. Nikamsindikiza hadi getini.

Mtoto wa miaka sita hana haja na pazia. Anataka aingie ndani ya hiyo treni na kuiendesha. Wangu anaimba vituo vya SGR, ile treni ya umeme ya reli ya kisasa, tangu ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, na ilipofika Dodoma mwishoni mwa Julai ndiyo ikawa balaa. Anayoitaka hasa ni ile yenye pua ndefu, mchongoko. Basi mchezo, chakula, hata foleni ya kunawa, vyote nikavipanga juu ya safari ya Dar mpaka Dodoma. Wifi yangu akashauri niweke bomba la moshi na pamba juu yake. Treni ya umeme itatoa moshi wapi, wifi?

Maboksi niliyapata bure dukani: moja la mikrowevu la kichwa cha treni, matatu ya mafuta ya kula ya mabehewa. Toa mfuniko na kitako, mtoto asimame katikati, alivae kwa mikanda miwili inayopita mabegani. Mikanda nilikata kwenye kanga kuukuu, upana wa vidole vinne, kwa sababu kamba nyembamba inamkata mtoto bega baada ya dakika tano. Boksi liishie kiganja kimoja juu ya goti. Likishuka chini ya hapo anajikwaa, na akianguka mikono imo ndani ya boksi, anatua kwa uso. Kwa hiyo toboa matundu ya mikono pembeni, yawe makubwa.

Rangi ilikuwa ya maji iliyobaki tulipopaka sebule. Boksi likipakwa upande mmoja tu linajikunja kama chapati, maana upande uliolowa unavimba na mkavu unabaki ulivyo. Paka nje rangi nyepesi, ndani pitisha sponji yenye maji, acha likauke kivulini, ndipo upake mara ya pili. Nyeupe mwili mzima, mistari ya rangi za bendera, madirisha ya karatasi nyeusi. Gundi iwe ile nyeupe ya mafundi seremala. Uji wa unga wa ngano unashika vizuri, lakini usiku mmoja tu mende wameshapata karamu.

Sasa pua. Pua ilinila siku mbili. Jaribio la kwanza nilizungusha boksi kama koni ya karanga. Likavunjika mikunjo mitano, likaonekana kama ndoo iliyogongwa na bajaji. Kosa ni kwamba boksi lina mifereji ndani, linakubali kukunjwa kwa kuifuata mifereji tu, ukilikunja kinyume linapasuka. Jaribio la pili nilifuata mifereji, likakunjika, ila sikupata mchongoko, nikapata bomba la maji taka. Nilipata jibu nikimenya chungwa. Chukua vipande vinne virefu vyenye umbo la pande la ganda la chungwa, vipana chini, vyembamba juu, na kingo zake zimebinuka. Boksi langu lilikuwa sentimita 40 kwa 35, hivyo vipande viwili vilikuwa na kitako cha 40 na viwili cha 35, vyote vina urefu wa 45. Kisha ule ujanja ninaojivunia hadi leo: lowesha karatasi ya upande wa ndani kwa kitambaa chenye maji, ngoja kama dakika mbili, imenye. Inabaki karatasi moja na mifereji yake, na hiyo inabembelezeka. Unganisha vipande kwa solotepu ya karatasi kuanzia chini kwenda juu, mkono mmoja ukisukuma kwa ndani ili tumbo litokeze. Ncha usiiache kali. Nilikata pale juu na kuvisha sponji ya kuoshea vyombo iliyofungwa kwa kitambaa, kwa sababu dereva wa miaka sita kazi yake ya kwanza ni kumgonga mwenzake mgongoni.

Kichwa na mabehewa ni watoto wanne. Wengine walishika kwa zamu kamba ya manila ya mita nane yenye fundo kila baada ya sentimita 60, fundo moja mtoto mmoja. Bila mafundo wanarundikana mbele na treni inakuwa ugomvi. Juu ya ua kamba ya kuanikia ndiyo ilikuwa waya wa umeme, imefungwa juu zaidi ya mita mbili isije ikamkaba mtu shingo. Hapo ukazaliwa mchezo ambao hakuna aliyenishauri. Muziki ukilia treni inatembea, nikizima na kupiga kelele “Umeme umekatika!” wote wanaganda. Anayetikisika anakwenda nyuma ya kamba. Sikumtoa mtu mchezoni, maana mtoto aliyetolewa ndiye anayekwenda kufungua jokofu.

Tiketi ndizo ziliokoa sherehe. Nilialika watoto 15, na kwa uswahilini ukialika 15 jiandae kwa 30. Nilikata tiketi 40 za karatasi ya manila, kila moja ina miraba sita: Dar, Pugu, Ruvu, Morogoro, Kilosa, Dodoma. (Najua nimeruka vituo kama Soga na Ngerengere. Mwanangu naye alinikumbusha, mara tatu.) Kila kituo mtu mzima au binamu mkubwa anatoboa mraba mmoja kwa pancha ya ofisini. Aliyekwisha tobolewa hapati tena. Walikuja 29, na hakuna aliyekula mara mbili kabla ya mwenzake kula mara moja. Waliokuja bila kualikwa wapewe tiketi sawasawa na wengine. Ukiwaweka getini watachungulia, na mwenye besdei mwenyewe ataondoka kwenda kucheza nao nje.

Pugu walichora uso wa abiria kwenye dirisha la karatasi na kulibandika kwenye behewa, hapo hapakuwa na kazi. Ruvu ni mto, hivyo ndipo palipokuwa na ndoo yenye koki, sabuni, na juisi ya ukwaju. Nusu kilo ya ukwaju ilinipa kama lita tano. Nilitengeneza lita kumi, vikombe vidogo, na kidogo kilibaki. Morogoro ndizi na bisi. Nusu kilo ya mahindi ya bisi inajaza ndoo ya lita kumi na zaidi, usinunue kilo mbili kama mimi.

Mpango wangu wa kwanza pilau ilikuwa Morogoro. Jirani akauliza, halafu wakishashiba ndio watambae kwenye handaki? Kweli, mahandaki ya reli yako upande wa Kilosa, baada ya Morogoro, na watoto ishirini na tisa wenye pilau tumboni hawatambai bila kutapikiana. Pilau ikahamia Dodoma. Kilo tatu za mchele, kuku wawili waliokatwa vipande vidogo: kilo moja ilitosha watoto kumi. Kachumbari ya pilipili ya watu wazima tu.

Handaki lilikuwa viti vya plastiki kumi na viwili, safu mbili zimepeana migongo, vitenge juu, vimebanwa kwa vibanio vya nguo. Blanketi usithubutu, joto la Dar litawatoa humo wakilia. Lisizidi mita tatu, na waingie upande mmoja tu.

Keki nilioka siku moja kabla, kwa mkaa. Unga nusu kilo, sukari gramu 300, siagi ya kopo gramu 250, mayai sita, beking pauda vijiko vinne vya chai vya kusawazisha, maziwa kikombe, vanila na ganda la limau lililokwaruzwa. Hivi vinatosha mabati mawili ya mkate. Changanya nusu kwanza, oka, ndipo uchanganye nusu nyingine. Mchanganyiko ukikaa saa nzima ukisubiri jiko, beking pauda inamaliza nguvu bakulini na keki ya pili inatoka tofali. Sufuria kubwa, mchanga mkavu wa vidole viwili chini, pasha robo saa, ingiza bati, funika. Theluthi mbili za makaa ziwe juu ya mfuniko, theluthi moja chini. Watu wengi wanafanya kinyume, chini panaungua na katikati ni uji. Usifunue kabla ya nusu saa, maana inadidimia. Yangu ilichukua kama dakika 50, mpaka kijiti kikatoka kikavu.

Kila keki niliikata nusu, nikapata mabehewa manne, la mbele nikalikata mshazari kuwa pua. Magurudumu biskuti za duara, reli vijiti vya chokoleti. Krimu ya siagi tupu kwa joto letu inateleza kama ute saa nane mchana. Nusu siagi, nusu mafuta ya mgando, pamoja na sukari ya unga, ilisimama mpaka jioni. Kulisha keki nilikatisha kwa mzazi, bibi na mwalimu. Wengine walipewa kipande mkononi, kwa tiketi. Zabibu za Dodoma nilizikata kwa urefu kwa ajili ya wale wa chini ya miaka mitano, nzima zinakaba.

Maputo ishirini tu, nusu pumzi, mbali na bati la paa. Likijazwa sana linapasuka lenyewe kwa joto, na vipande viokotwe haraka kabla wadogo hawajavitia mdomoni. Kumwagiana maji kulifanyika mwisho kabisa, nje ya geti, bila unga. Unga ukiingia machoni sherehe inahamia zahanati.

Tulianza saa tisa, saa kumi na moja na nusu nikapiga filimbi ya kushuka. Ukiondoa kuku na mchele, sidhani kama nilifika elfu tisini, nyingi zilikuwa siagi na mayai. Kichwa cha treni kilisahauliwa nje, umande ukakilainisha pua, asubuhi ikawa imeinama kama ya mtu mwenye mafua. Behewa la mwisho lilipona, sasa kuku wa jirani anaatamia humo na mwanangu anamdai tiketi.