Mpera wa Cattley bustanini kwangu: kutoka mbegu hadi tunda

Huu si ule mpera tuliouzoea, Psidium guajava, wenye majani makubwa ya mishipa iliyotuna na vinyweleo kwa chini. Wangu ni Psidium cattleyanum, ndugu yake mdogo. Jani lake ni nene, halina vinyweleo, limekolea kijani na linang'aa kama lililopakwa mafuta. Tunda likiiva huwa la rangi ya damu ya mzee, na kwa kawaida upana wake hauzidi sentimita 4. Wengi huuita mpera wa stroberi kwa sababu ya ladha yake. Asili yake ni misitu ya mashariki mwa Brazili kushuka hadi Uruguay, na jina la Cattley ni la William Cattley, Mwingereza aliyeukuza mpaka ukazaa kwake mwanzoni mwa karne ya 19.

Mbegu

Nilianza na matunda machache niliyopewa na rafiki anayekusanya miti ya matunda. Mbegu zake ni nyingi, ndogo na ngumu sana. Nilizisugua kwenye chujio huku maji yakipita mpaka ule utelezi ukaisha, maana nyama ya tunda ikibaki huvuta ukungu na mbegu huoza kabla ya kuota. Nikazianika kivulini, kisha nikazifukia juujuu tu, kama nusu sentimita, kwenye mboji iliyochekechwa na kuchanganywa na mchanga. Kukiwa na joto la kutosha huota ndani ya wiki 2 hadi 6. Zangu hazikutoka kwa mkupuo: nyingine zilikuwa na majani manne wakati wenzake ndio kwanza wanapasua udongo. Kwa hiyo usimwage udongo wa kitalu mapema ukidhani zilizobaki zimekufa.

Kilichonivutia zaidi kwenye mti huu ni jinsi mbegu zake zinavyofanya kazi. Mpera wa kawaida ukiuotesha kwa mbegu, mtoto anaweza kutoka tofauti na mama, ndiyo maana wanaotaka aina fulani hubebesha au hutumia vipandikizi. Wa Cattley kwa kawaida hutunga mbegu bila yai kurutubishwa na chavua, kwa hiyo mche unakuwa nakala ya mama yake. Hata kromosomu zake, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli, si za kawaida. Mpera tuliouzoea una 22, huu umewahi kuhesabiwa 66, 77 na hata 88. Kwa mwenye bustani maana yake ni nyepesi: ukionja tunda likakupendeza, otesha mbegu zake, hakuna haja ya kubebesha.

Kwenye viriba

Hapa panataka subira. Mche unakua polepole, na kwa muda mrefu unaonekana kama haufanyi lolote. Nilijifunza kutazama ncha badala ya kimo: jani jipya hutoka na wekundu wa shaba, laini sana, kisha linageuka kijani na kukakamaa. Mradi wekundu ule upo nchani, mche uko kazini. Nilimwagilia udongo ukikauka juu, nikahamishia viriba vikubwa mizizi ilipoanza kutokeza chini, na mbolea niliyotumia ni samadi iliyooza vizuri, kidogo kidogo. Basi.

Kushuka ardhini

Nilichagua mche wenye shina lililonyooka nikaupeleka kwenye jua la siku nzima. Mti huu unavumilia kivuli, tena kupita kiasi, lakini ukitaka matunda mpe jua. Haujali sana aina ya udongo ilimradi maji hayatuami. Mizizi yake mingi ya kunyonya iko karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo karibu na shina silimi kwa jembe kabisa. Magugu nang'oa kwa mkono, halafu natandaza majani makavu kwa unene wa kiganja, nikiacha nafasi wazi kuzunguka shina lenyewe ili gome lisioze.

Wadudu gamba

Mpera ulipofika kiunoni, majani ya chini yakaanza kuwa meusi kwa juu, weusi wa masizi unaofutika kwa kidole. Masizi yale ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu, na utomvu huo lazima utoke mahali. Nikageuza majani: pembeni mwa mshipa wa kati kulikuwa na vigamba vya kahawia vilivyoganda, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, ndio wadudu gamba wanaoutoa utomvu huo, na sisimizi weusi wakivipitia kimoja kimoja. Sisimizi hao ndio walinzi. Wanakunywa utomvu na kuwafukuza wadudu wanaowala gamba.

Sikupulizia sumu. Nilifuta majani kwa kitambaa na maji ya sabuni, nikarudia kila wiki kwa sababu wachanga huanguliwa baada ya wakubwa kuondolewa. Kisha nikafunga kitambaa kwenye shina na kupaka grisi juu ya kitambaa, si juu ya gome, na kukata matawi yaliyogusa ardhi ili sisimizi wasipate daraja. Sisimizi walipokatika, wadudu kobe wanaowala gamba walirudi wenyewe na masizi yakapukutika. Ningeshauri kila mwenye mpera aanze na sisimizi kabla ya kufikiria dawa.

Maua

Kwa mti wa mbegu, maua ya kwanza mara nyingi huja kati ya mwaka wa 3 na wa 6. Yalipokuja kwangu yalitoka kwenye vichipukizi vipya, kwenye kwapa la jani, moja moja. Kwanza kifundo cha kijani, halafu petali nyeupe zinazokunjuka na kuanguka upesi, kinachobaki ni shada la nyuzi nyeupe nyingi zenye vichwa vya chavua. Harufu yake ni tamu lakini si kali, na nyuki wanaijua kabla jua halijapanda. Kwa kuwa maua hutoka kwenye machipukizi mapya, napogoa kidogo baada ya mavuno: naondoa matawi yanayosuguana na kufungua katikati ya mti upitishe mwanga. Ukikata sana wakati vifundo vimeshatoka, umeyakata matunda ya msimu.

Matunda, na nzi

Nzi wa matunda anaupenda mpera huu kama anavyoipenda mipera yote, hasa Bactrocera dorsalis. Jike hutaga chini ya ganda tunda linapoanza kulainika, na funza akishiba huingia udongoni kugeuka pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nzi. Kufunga mifuko tunda kwa tunda ni kazi isiyoisha kwa matunda madogo hivi, kwa hiyo nilifunika matawi mazima kwa chandarua chenye matundu madogo, mara tu matunda yalipoanza kuvimba, na kila tunda lililoanguka nililiokota siku hiyohiyo.

Na ladha? Nyama ni nyeupe, laini, ina maji mengi, uchachu na utamu vikiwa pamoja, na haina ile harufu nzito ya mpera wa kawaida. Ganda linalika. Mbegu ni ngumu, usizitafune. Likishaiva halikai, baada ya siku chache linalegea, kwa hiyo huvunwa na kuliwa papo hapo.

Sharti la kuuotesha

Kila anayeniomba mbegu namwambia hili kwanza. Mti huu ulifikishwa Hawaii mwaka 1825, na leo umefunga misitu ya asili huko kwa vichaka ambavyo mmea mwingine haupenyi. Nguruwe na ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Morisi, Réunion na Shelisheli zinapambana nao pia, na umo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mwaka 2012 Hawaii ilianza kuachia mdudu kutoka Brazili, Tectococcus ovatus, anayesababisha vinundu kwenye majani ili mti upunguze kuzaa. Uvumilivu wa kivuli, mbegu zisizohitaji mwenzi, machipukizi ya mizizini: sifa zilezile zinazonirahisishia kazi ndizo zinazouangamiza msitu.

Kwa hiyo mahali ambapo sheria inaukataza, usiuoteshe. Pia usiuoteshe ukiishi karibu na msitu au kijito. Mimi huvuna kila tunda, chandarua kinazuia ndege pia, na mbegu namwagia maji yanayochemka kabla hazijafika kwenye mboji. Machipukizi ya mizizini nayakata yakiwa machanga.

Ulipofikia sasa

Mti umenipita kichwa kidogo. Gome la shina limeanza kubanduka kwa vipande vyembamba na kuacha chini yake ngozi laini ya hudhurungi. Msimu huu vifundo vya maua ni vingi kuliko uliopita, na nimeshaushona upya ule upande wa chandarua uliochanika. Hatua inayofuata ni kuupunguza kimo baada ya mavuno ubaki chini ya mita 2 na nusu, ili kila tunda nilifikie kwa mkono bila ngazi.