Siku moja ukingoni mwa Bonde la Kerio

Watu hudhani kazi ya rubani wa paraglaida, ule mwavuli wa kurukia kutoka mlimani ukiwa umefungwa pamoja na abiria, ni kuruka. Katika siku nzima, hewani unakaa labda saa moja na nusu. Muda uliobaki ni wa kubeba mizigo, kungoja na kukataa.

Saa 12 asubuhi, Iten, mji wa Kenya ulio ukingoni mwa bonde. Wanariadha wanapita barabarani, sisi tunakagua kamba, karabina (pete za chuma za kuunganishia mikanda na mwavuli) na pini ya mwavuli wa akiba.

Saa 3 hakuna anayeruka. Usiku kuta za bonde hupoa na hewa baridi huteremka, kwa hiyo upepo unakusukuma kutoka mgongoni. Miamba ya huku inatazama mashariki. Jua likishaipiga, hewa inapanda na utepe tuliofunga kwenye kijiti unageuka. Tunataka upepo wa kutoka bondeni, uje usoni, kilomita 10 hadi 20 kwa saa. Ukipita 25, abiria abaki kwenye gari.

Saa 4 na nusu, abiria wa kwanza: dakika 20, safi.

Saa 5 akafika mkubwa mmoja kutoka Nairobi, amechelewa, kijiti cha kupigia selfi mkononi. Kwenye simu alisema ana kilo 90. Mizani ikasema 112. Akacheka, "Ni viatu hivyo, kijana." Viatu gani vya kilo 22? Mwavuli uliotandazwa ulikuwa mdogo, mwisho wake kilo 190 kwa jumla. Piga hesabu: yeye 112, rubani 74, vifaa 24, ni 210. Ikabidi tukunje ule na tutandaze mkubwa, wa meta za mraba 42 na kikomo cha 220. Hapa tuko mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, hewa nyembamba, na uzito huo unadai mbio ndefu kuliko pwani. Kijiti tukakichukua: kikimponyoka kinaweza kunasa kwenye kamba.

Tumemfunga, mara anataka kwenda haja ndogo. Hapo ndipo panapotisha. Abiria akifungua mikanda ya mapajani, akirudi afunge wa kifuani tu, ataonekana amekamilika, kisha miguu ikiacha ardhi anateleza chini. Akirudi tunaanza upya, na mapaja yanakaguliwa mara ya mwisho kwa mkono, si kwa macho.

Halafu akakaa. Mwavuli umeshapanda, hatua mbili, yeye akajiachia kwenye kiti kama yuko kwenye matatu, na rubani akabaki kumburuta. Tukauangusha. Neno "kaa" halitamkwi kabisa mlimani, maana abiria husikia hilo tu. Tunasema: tembea, kimbia, kimbia, usiache mpaka miguu ikanyage hewa. Mara ya tatu alikimbia kweli. Huko juu alinyamaza kimya, akaacha hata kuuliza habari za kijiti.

Mchana ukikolea, vumbi linazunguka bondeni kama pia. Hiyo ni dalili ya hewa moto inayopanda kwa nguvu, na vario, kifaa kinacholia ukipanda, italia bila kupumzika. Rubani akiruka peke yake anaifurahia, abiria atatapika. Tunafunga kazi, na wateja wananuna huku jua likiwaka na mbingu ikiwa safi kabisa. Waeleze utakavyo.

Jioni jioni upepo unalainika, tunarusha wengine wawili au watatu. Rubani anayekosa hewa ya kumrudisha juu anatua chini, zaidi ya mita 1,000 chini ya ukingo, kwenye joto, mbuzi na miiba ya migunga. Watoto wanakuja kusaidia kukunja, na jambo la kwanza ni kuwaomba wasikanyage kitambaa. Kisha unangoja gari lipande kona za Tambach na mzigo wa kilo 20 na ushee magotini.

Usiku, taa ya kichwani, miiba inachomolewa mmoja mmoja. Tundu dogo mbali na mshono linabandikwa utepe pande zote mbili, kingo zikatwe mviringo zisibanduke. Likigusa mshono, mwavuli huo kesho hauruki.