Mtoto katanguliza matako, na mimi nilitaka kusukuma

Kwenye kadi ya kliniki kuna safu ya kitangulizi, yaani sehemu ya mtoto iliyotangulia chini. Kwenye yangu ilikuwa tupu miezi yote, kwa sababu kabla ya wiki ya 36 mtoto bado anajigeuza anavyotaka na wakunga hawamsumbukii. Safari hii nesi alinipapasa juu ya kinena, akapandisha mikono hadi chini ya mbavu, akanyamaza, akarudia. Akatafuta mapigo ya moyo pale anapoyatafutaga siku zote, chini ya kitovu, hakuyasikia vizuri. Akayapata juu ya kitovu. Akaandika: matako.

Hakunieleza zaidi. Alinijazia karatasi ya rufaa, akasema, "Nenda hospitali kubwa, huyu ni wa kisu," akaita mwenye namba inayofuata.

Altrasaundi ya kesho yake ilisema yale yale kwa picha. Amekaa kitako ndani ya nyonga yangu, miguu kainyoosha juu, nyayo ziko karibu na uso wake. Kondo liko juu, halizibi njia. Maji yanatosha, uvimbe hakuna. Kichwa chake ndicho lile duara gumu chini ya mbavu za kulia. Nikilibonyeza linayumba, kisha linarudi mahali pake.

Nataka kuandika lililo moyoni bila kulizungusha. Nilitaka kusukuma. Nilitaka uchungu unianzie nyumbani, nizunguke uani na khanga yangu, mama anisugue kiuno, niende leba wakati wake umefika. Mama alituzaa wote hivyo, kule Pangani, na kila mmoja wetu ana hadithi ya alivyokuja: mmoja alfajiri ya mvua kubwa, mwingine mama akiwa bado na unga wa mikate mikononi. Nimekua nikizisikia hadithi hizo, na miezi yote hii nilikuwa naingoja yangu.

Kila ninayemwambia ananijibu, "La muhimu mtoto awe mzima." Najua. Hakuna anayelijua hilo kuliko mimi ninayemsikia akipata kwikwi saa tisa za usiku. Lakini jibu hilo linafunga mazungumzo kabla hayajaanza. Mtu anaweza kumtaka mtoto wake mzima kuliko kitu chochote duniani, na papo hapo akasikitikia jambo alilokuwa akilitazamia. Namshukuru mume wangu, maana yeye ndiye pekee aliyekaa nami kwenye mkeka akaniacha nilie bila kunipa jibu.

Kuna na wale wa kutafuta sababu. Umepanda sana bodaboda. Umelala sana chali. Umebeba ndoo. Daktari alinituliza kwenye hili: mimba ikiwa na wiki 28, kama mtoto mmoja kati ya wanne amekaa hivi. Wengi hugeuka wenyewe, na ikifika kujifungua wanabaki watatu au wanne tu katika kila mia. Mara nyingine kuna sababu inayoonekana, kama uvimbe, au kondo kukaa chini, au umbo la mfuko wa uzazi. Mara nyingi haionekani kabisa. Wangu ni katika hao wasio na sababu, na nimeacha kujihoji.

Mama mkwe, Mungu amweke, alikuja Jumapili na bibi mmoja wa Ngamiani anayekanda matumbo. Alikuja na kichupa chake cha mafuta ya nazi, amekifunga kwenye pembe ya khanga. "Mwanangu," mama mkwe akasema, "sisi tumezaa kabla ya hizo mashine." Niliwaamkia, nikawawekea chai, nikawaomba radhi. Nikawaeleza kwamba kumsukuma mtoto kwa nguvu bila kumwona wala kusikiliza moyo wake kunaweza kubandua kondo, na kondo likibanduka hapa nyumbani, mpaka tupate gari damu itakuwa imekwisha kwangu au kwake. Nilitegemea ugomvi. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea kiganja kimoja tu juu ya tumbo, kwa upole, akasema, "Kichwa hiki hapa." Kilikuwa hapo hapo. Kisha akakaa chini akanikanda miguu iliyovimba, na mafuta yake hayakurudi bure.

Jioni nilikuwa napiga magoti kwenye mkeka, kifua chini, makalio juu, robo saa hivi. Utafiti haujaonyesha kwamba mkao huu unamgeuza mtoto, na daktari aliniambia hivyo waziwazi. Alisema haudhuru, kwa hiyo nifanye nikipenda. Nilipenda. Ulinipa kitu cha kufanya.

Kumgeuza kwa mikono ni jambo jingine, na hili nataka wajawazito wenzangu walijue, kwa sababu mimi nilipewa rufaa ya kisu bila mtu yeyote kulitaja. Hufanywa hospitalini kuanzia wiki ya 36 au 37, na daktari anayejua, chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Si kila hospitali wanalifanya. Mimi ilibidi niulizie. Wanaofanikiwa ni kama nusu, na kwa mimba ya kwanza ni pungufu kidogo ya hapo, kwa sababu misuli ya tumbo bado imekaza. Kama mmoja kati ya mia mbili huishia kupasuliwa kwa dharura. Mwenye damu ya kundi hasi (Rh hasi) anahitaji sindano ya anti-D baadaye, ili mwili wake usije ukaishambulia damu ya mtoto. Hayo yote niliambiwa kabla sijatia saini.

Walinifunga mkanda wa mashine tumboni kwanza, tukausikiliza moyo wake mpaka wakaridhika. Kisha wakanipa salbutamol, dawa ile ile wanayoijua wenye pumu, ili mfuko wa uzazi ulegee. Mikono yangu ikaanza kutetemeka na moyo ukanienda mbio. Daktari akamimina jeli, akaingiza vidole vya mkono mmoja chini kabisa, nyuma ya mfupa wa kinena, akayanyanyua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga. Mkono wa pili ukakishika kichwa kwa nyuma, na akaanza kumsukuma taratibu kama anayetaka apige samasoti. Inauma. Si uchungu wa uzazi, lakini inauma, na wanakwambia usikaze tumbo wakati mwili wote unataka kukaza. Nilimwona mwanangu akitembea chini ya ngozi yangu. Kichwa kilishuka ubavuni, kikafika usawa wa kitovu, tumbo likawa pana la ajabu, amelala mkingamo. Mapigo ya moyo wake kwenye mashine yakapungua. Daktari akatoa mikono. Mtoto akarudi alikotoka, polepole, na moyo wake ukarudi kwenye mia na arobaini.

"Mama, nadhani ametuambia," daktari akasema. Nilimheshimu kwa kusimama pale.

Usiku ule nilimpigia shangazi, mkunga mstaafu. Nilitaka aniambie kwamba inawezekana, na aliniambia hivyo. Amewazalisha watoto wa matako wengi, usiku wa taa ya chemli, kwenye zahanati isiyo na daktari. "Sisi tulifundishwa kufunga mikono mgongoni," alisema. "Matako yakitoka, usiguse. Kiwiliwili kikitoka, usivute. Ukivuta, mikono inapanda juu ya kichwa na kidevu kinanyanyuka, hapo umejitafutia msiba. Unamwacha mama asukume, mtoto aning'inie kwa uzito wake, mpaka uone nywele za kisogoni. Hapo ndipo unamsaidia kichwa kitoke kimeinama." Nikamuuliza, wanaojua hivyo leo ni wangapi? Akakaa kimya kwanza. "Mwanangu, siku hizi wanajifunzia mdoli."

Nikaanza kusoma, na ndipo nilipoelewa kimya chake. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha utafiti mkubwa ulioongozwa na Mary Hannah wa Toronto, wa wanawake zaidi ya 2,000 katika nchi 26. Ulionyesha kwamba watoto wa matako waliopangiwa upasuaji walipata madhara makubwa au kufa mara chache zaidi kuliko waliopangiwa kuzaliwa kawaida: 1.6 katika kila mia dhidi ya 5. Muda mfupi tu, hospitali nyingi duniani zikaacha kuwazalisha kwa njia ya kawaida. Baadaye, mwaka 2004, watoto wale walipofuatiliwa hadi umri wa miaka miwili, hapakuonekana tofauti kati ya makundi mawili kwa vifo wala kwa ukuaji wa akili na viungo. Na mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, wa wanawake zaidi ya 8,000, ukaonyesha kwamba pale ambapo mama anachaguliwa kwa uangalifu na anayemzalisha ana uzoefu, tofauti iliyobaki ni ndogo. Lakini uzoefu huo ulikuwa umeanza kupotea. Mkunga asiyeona mtoto wa matako akizaliwa hawezi kumfundisha mwingine.

Hili limeniuma kuliko kisu chenyewe. Tunaongea kana kwamba ni suala la mama kuwa jasiri au mwoga. Ujasiri wangu ninao. Ninachokihitaji ni mikono ya mtu mwingine, iliyozoea, iwepo zamu siku ambayo mimi wala yeye hatuichagui.

Basi nilirudi kwa daktari na swali moja. Sikumuuliza kama inawezekana. Vigezo vyote ninavyo: makalio ndiyo yametangulia, hakuna mguu uliotangulia, uzito unakadiriwa kilo 3, shingo yake imeinama haikutazama juu, sina kovu la zamani. Nilimuuliza: uchungu ukinianza saa nane za usiku, atakayekuwepo ni nani? Alinitazama usoni akasema, "Mimi nimezalisha matako wachache, nikiwa na mwalimu wangu pembeni. Siwezi kukuahidi kwamba nitakuwa zamu. Na atakayekuwepo siwezi kukuahidi kwamba amewahi."

Angeweza kunitisha. Angeweza kuniambia habari za kichwa kunasa na kitovu kutangulia kutoka kabla ya mtoto, ambazo ni za kweli na tayari nilikuwa nazo. Alinipa ukweli wa hospitali yake, na kwa ukweli huo nikachagua upasuaji kwa kinywa changu mwenyewe. Ni tofauti kubwa na "huyu ni wa kisu." Bado nimelia. Lakini nimelia nikiwa nimeamua.

Tumepanga wiki ya 39, ili mapafu yake yakomae vizuri. Nimeomba ganzi ya mgongo niwe macho, nimeomba nikabidhiwe kifuani mapema wakiona anapumua vizuri, na kumnyonyesha ndani ya saa ya kwanza, wamekubali. Kuhusu mimba ijayo, nimeelezwa kwamba wengi wanaojaribu kuzaa kawaida baada ya upasuaji mmoja, karibu robo tatu, hufanikiwa, ila hospitalini tu, kwa sababu kovu linaweza kuachia. Na nisishike tena mimba kabla ya miaka miwili kupita. Jambo jingine nimeliandika kwenye daftari ili nisilisahau katika usingizi wa mama mzazi: watoto waliokaa hivi, hata waliogeuka baadaye, wakaguliwe vizuri nyonga, na ikiwezekana zipigwe altrasaundi wakifika wiki sita.

Mama ameshakuja kutoka Pangani. Mume wangu anajua la kufanya chupa ikipasuka kabla ya siku yetu: nipige magoti kifua chini kama nikihisi kitovu kimetoka, na tuondoke mara moja, hata kama uchungu haujaanza. Namba za madereva wawili zimebandikwa mlangoni.

Asubuhi ya siku yenyewe, kabla ya dripu na kabla ya ganzi, nitapigwa altrasaundi tena. Daktari kasema ni lazima, maana wapo wachache wanaogeuka wenyewe hata baada ya wiki ya 37. Akiwa kageuka, nabeba mkoba wangu narudi nyumbani kungoja uchungu. Akiwa bado kakaa, naingia. Nimemwambia mume wangu asilipie chochote mpaka tuione picha hiyo.